Maji baridi au maji chumvi: wapi unaelea vizuri zaidi?

Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria ina uzito wa karibu kilo 1; ya Bahari ya Hindi, kama kilo 1.025. Gramu hizo 25 ndizo zinazomfanya aliyezoea kuogelea Mwanza ajione mwepesi akifika Tanga.

Jiwe la ujazo wa lita moja likizama baharini husukumwa juu kwa nguvu kubwa kidogo kuliko ziwani. Hapo hakuna ubishi. Ila kwa kitu kinachoelea wanafunzi wengi hukosea: mtumbwi husukumwa kwa nguvu ileile kote kuwili, sawasawa na uzito wake. Kinachobadilika ni kina. Mtu wa kilo 60 anayeelea ziwani huhamisha lita 60 za maji. Baharini, lita 58.5 tu. Ile lita moja na nusu ya mwili hubaki juu ya maji, na kwa anayehangaika kupata pumzi si haba.

Chukua yai bichi, litie kwenye glasi ya maji ya bomba: litazama. Koroga chumvi, kijiko baada ya kijiko, nalo litapanda taratibu, upande butu ukitangulia.

Kujifunza kuelea, mimi nachagua bahari iliyotulia.