Kadi ya waifai ya Intel 8265 kwenye Linux: uzoefu wangu baada ya kuchoshwa na draiva

Kwa mwenye haraka, naanza na hukumu. Kama laptopu yako ya Linux inakatakata waifai, na umeshahakikisha kwamba ruta ni nzima na bando lipo, acha kupigana na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Badilisha kadi yenyewe. Mimi niliweka Intel Wireless-AC 8265 iliyotumika, nikainunua hapa hapa Dodoma kwa bei ambayo haikufika shilingi 40,000, na tangu iingie mtandao unakaa toka nafungua duka hadi nafunga. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu iliyopungua nitaieleza.

Nina steshenari Makulu, upande wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Kuchapa na kutoa kopi ni sehemu tu ya kazi. Kinacholeta watu hasa ni maombi ya mtandaoni. Mwanafunzi anakuja kuomba mkopo wa HESLB, kijana aliyemaliza chuo anajaza Ajira Portal ya kazi za serikali, mkandarasi mdogo anataka nyaraka zake za zabuni zipakiwe NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Mmeskani vyeti, mmejaza kurasa moja baada ya nyingine, mnabonyeza kutuma, na hapo hapo alama ya waifai inapotea. Mfumo unawatoa nje, mnaanza upya, na foleni iko nyuma yenu. Dirisha la maombi likikaribia kufungwa, kukatika namna hiyo kunaweza kumkosesha mtu mkopo wa mwaka mzima. Ndiyo maana jambo hili nililichukulia kwa uzito, na ndiyo maana naliandika kwa urefu.

Laptopu ilikuwa na Linux Mint 21, iliyojengwa juu ya Ubuntu 22.04, kerneli (kiini cha mfumo) 5.15. Kadi ya waifai iliyotoka nayo kiwandani ni ya bei ya chini, kampuni sitaitaja. Dalili zake wengi mtazitambua. Inaunganisha vizuri, inafanya kazi kwa muda, kisha inakata bila sababu. Au alama inaonyesha imeunganishwa, mistari yote imejaa, ila hakuna ukurasa unaofunguka mpaka uzime waifai na kuiwasha tena. Wakati huo huo simu iliyo mezani, kwenye ruta ile ile, inacheza video bila kukwama.

Hiyo simu ndiyo kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili ni kupiga ping ruta yenyewe, yaani kuitumia ujumbe mdogo na kusubiri jibu: ping 192.168.1.1, au anwani yoyote ambayo amri ya ip route inaonyesha mbele ya neno default. Ruta ikijibu bila kukosa huku tovuti hazifunguki, shida iko nje, kwa mtoa huduma au kwenye bando, na kadi yako haina kosa. Ruta yenyewe ikinyamaza, au majibu yakiruka kutoka milisekunde 2 hadi 2,000, shida iko kati ya laptopu na ruta.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokithamini zaidi, na natamani kila fundi anayegusa laptopu za Linux akijue. Fungua terminali, andika journalctl -u wpa_supplicant, kisha tafuta mistari yenye CTRL-EVENT-DISCONNECTED. Ukikuta mwishoni pameandikwa locally_generated=1, aliyekata mawasiliano ni laptopu yako mwenyewe. Kwangu mistari hiyo ilijaa, mingi ikiwa na reason=4, namba ambayo katika kiwango cha 802.11, kile cha waifai, inamaanisha mawasiliano yamevunjwa kwa sababu ya ukimya. Yaani laptopu ilijiona haiisikii tena ruta, ikajitoa. Baada ya kuona hivyo niliacha kabisa kuzungumzia ruta wala kampuni ya simu.

Kisha ujue una chipu gani: lspci -nnk kwa kadi ya ndani, lsusb kwa adapta ya USB. Chini ya mstari wa kadi utaona Kernel driver in use na jina la draiva inayotumika. Zile namba mbili zenye nukta mbili katikati, mfano 8086:24fd, ndizo kitambulisho chenyewe cha chipu. Ziandike mahali. Ukienda kwa fundi au ukitafuta msaada, namba hizo zina maana kuliko jina la laptopu.

Sasa kuhusu kujiokolea chaji, ambako nilitumia muda mwingi. Kukatika kulizidi sana kila umeme ulipokatika. Ruta ina betri yake ndogo, haizimiki. Ila laptopu ikihamia kwenye betri, waifai inaanza kusumbua. Chanzo ni kwamba kadi huambiwa isinzie kati ya pakiti na pakiti, na draiva isiyo imara haijui kuiamsha kwa wakati. Programu ya TLP, ambayo wengi tunaiweka ili betri idumu, kwa mpangilio wake wa kawaida huwasha usingizi huo wa waifai laptopu inapotumia betri. Ubuntu na Mint nazo zina faili lao, /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, lenye mstari wa wifi.powersave = 3. Weka 2 badala ya 3, anzisha upya NetworkManager, usingizi unazimika. Kwenye TLP, andika WIFI_PWR_ON_BAT=off ndani ya /etc/tlp.conf. Upo pia usingizi wa PCIe, njia inayounganisha kadi na mazabodi, unaoitwa ASPM; dalili yake ni kumbukumbu za kerneli (amri ya dmesg) kujaa ujumbe wa makosa wa AER, na huzimwa kwa kuongeza pcie_aspm=off kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha Linux, na kuendesha update-grub.

Haya yalisaidia. Kukatika kulipungua waziwazi, na kama mfuko hauruhusu kununua kadi, anzia hapa kwa sababu ni bure. Lakini kupungua hakumtoshi mtu anayetuma fomu ya mkopo saa tano usiku wa siku ya mwisho.

Njia nyingine inayoshauriwa sana ni kuiweka kando draiva iliyomo kwenye kerneli na kutumia nyingine iliyoandikwa na watu wa kujitolea, inayopatikana GitHub na kusakinishwa kwa DKMS, zana inayoijenga draiva kwenye mashine yako. Nawaheshimu mno watu hao. Wanaifanya bure kazi ambayo mtengenezaji wa chipu ndiye alipaswa kuifanya. Na kweli draiva yao ilitulia kuliko ya mwanzo. Ila inaishi nje ya kerneli. Kila kerneli inaposasishwa, DKMS inalazimika kuijenga upya, na kerneli haijatoa ahadi kwa mtu yeyote kwamba sehemu zake za ndani zitabaki vile vile toleo hadi toleo. Siku ujenzi ukigoma, unawasha laptopu asubuhi unakuta waifai haipo kabisa. Kama Secure Boot, kinga inayoruhusu programu zenye saini tu, imewashwa kuna kikwazo kingine: draiva isiyo na saini inakataliwa kwa ujumbe wa Key was rejected by service, mpaka usajili ufunguo wako wa saini, MOK, kwenye skrini ya bluu inayotokea mashine inapowaka.

Likikupata hilo, ingia kwenye menyu ya GRUB, chagua Advanced options, uwashe kwa kerneli ya zamani. Au chomeka simu kwa waya wa USB na uruhusu isambaze intaneti kwa waya. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, haihitaji draiva yoyote ya waifai. Waya huo umeokoa maombi ya wateja wangu wengi, na mpaka leo haukosi kwenye droo.

Mchana mmoja nilikaa nikaitazama ile draiva imegoma tena kujengwa, na kijana yupo mbele yangu na bahasha ya vyeti, nikaona basi. Nikaanza kutafuta kadi ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli na inatunzwa na walioitengeneza kadi yenyewe. Hapo Intel inasimama vizuri. Draiva yake inaitwa iwlwifi, wahandisi wa Intel ndio wanaoitunza ndani ya kerneli, na faili la famwea, lile ambalo kadi hupakia kabla ya kuanza kazi, linakuja kwenye kifurushi cha linux-firmware ambacho Mint na Ubuntu huwa nacho tayari. Hakuna cha kupakua wala cha kujenga.

8265 si kadi mpya. Haina Wi-Fi 6. Inaishia kwenye 802.11ac, antena mbili, megabiti 867 kwa sekunde kwenye karatasi, na Bluetooth 4.2 imo humo humo. Niliitaka kwa sababu kadi hizi zimo kwenye laptopu nyingi za ofisini zilizokwisha muda wake, akina ThinkPad na Latitude, na mazabodi ikifa mafundi huzitoa na kuziweka kwenye boksi la vipuri.

Nilimwendea fundi mmoja maeneo ya Majengo. Kwanza akanitolea adapta ndogo ya USB. "Chukua hii kaka, inashika kila mtandao."

"Chipu yake namba gani, fundi?"

"We chomeka tu kaka, utaona."

Tukaichomeka kwenye laptopu yangu, tukaandika lsusb, na ikatokea familia ile ile ya chipu niliyokuwa naikimbia. Fundi ni mtu muungwana, hakuchukia. Alivuta kiti, akamwaga kadi zake kwenye meza, tukawa tunazisoma lebo moja moja mpaka ikapatikana iliyoandikwa 8265NGW. Nilipomwonyesha kwamba namba ya chipu ndiyo inayoamua kila kitu kwenye Linux, alianza kuzipanga kadi zake kwa namba.

Ukienda kununua, angalia umbo kwanza. Laptopu za miaka ya karibuni hutumia M.2 ya ukubwa wa 2230, yaani milimita 22 kwa 30; za zamani zaidi hutumia mini PCIe, na kwa hizo utafute Intel 7260HMW. Vichwa vya nyaya za antena navyo havilingani: vya M.2 ni vidogo zaidi, ukilazimisha vya mini PCIe utavivunja. Hakikisha pia ndani ya laptopu kuna nyaya mbili za antena, kwa sababu baadhi ya laptopu za bei nafuu huja na mmoja tu.

La hatari zaidi ni herufi na namba zinazofanana. AX200 na AX210 ni kadi za PCIe za kawaida, nzuri kabisa, mradi kerneli yako iwe angalau 5.1 kwa ya kwanza na 5.10 kwa ya pili. AX201 na AX211 zinatazamika vile vile, bei inakaribiana, lakini hizo ni za mfumo wa CNVio: nusu ya kazi ya waifai inafanyika ndani ya chipu za Intel kwenye mazabodi. Laptopu yenye prosesa ya AMD haitaziona kamwe. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo atakuuzia kwa nia njema kabisa, na ukiagiza Kariakoo ikaletwa kwa basi, kuirudisha ni gharama nyingine. Kuna na laptopu za zamani ambazo BIOS yake, programu inayoiwasha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali, nyingine inazikataa na mashine haiwaki. Ulizia modeli yako kabla ya kutoa hela.

Kuifunga ni kazi ndogo. Zima mashine, toa betri kama inatoka, skrubu moja, chomoa nyaya, chomeka kadi mpya, rudisha nyaya. Nilipowasha, lspci -nnk ikasema iwlwifi, na mitandao ya jirani ikajipanga kwenye orodha. Kasi sitaisifia sana, kwa sababu bando langu haliikaribii hata sehemu ndogo ya megabiti 867. Nilichonunua ni utulivu, na nimeupata: ping ya ruta inakaa milisekunde mbili tatu, umeme uwepo usiwepo, na ile mistari ya locally_generated=1 imebaki ya nyakati ninapozima waifai mwenyewe.

Nusu nyota niliyoikata ni hii: kadi hii hainiruhusu kuifanya laptopu isambaze mtandao kwa masafa ya gigahezi 5. Intel imefungia hilo ndani ya famwea kwa sababu za kanuni za masafa za kila nchi, kwa hiyo nikitaka kuwagawia wateja inabidi nitumie gigahezi 2.4, ambayo huku karibu na hosteli imesongamana vibaya. Famwea yenyewe ni ya siri, haisomeki, na hilo kwa mpenzi wa programu huria linaumiza.

Laptopu yako kama haiwezi kufunguliwa ili kubadilisha kadi, tafuta adapta ya USB yenye chipu ya MT7612U, draiva yake imo kwenye kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018, au MT7921AU kama una kerneli 5.18 na kuendelea. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 nalo linaingia vizuri kwa sababu lina chipu ya Atheros AR9271, ingawa ni la gigahezi 2.4 peke yake; toleo la 2 na la 3 zina jina hilo hilo na chipu tofauti, kwa hiyo soma toleo kwenye lebo.

Ukishabadilisha kadi, usisahau kuiondoa ile draiva ya DKMS. Andika dkms status uone jina lake na uifute, la sivyo kila kerneli mpya itajaribu kuijenga na kukuletea makosa katikati ya sasisho. Mimi niliiondoa siku ile ile. Baadaye nilipohamia Mint 22 yenye kerneli 6.8, waifai ilikuwa tayari nikiwa bado nimewasha kutoka kwenye flashi, kabla hata ya kusakinisha.