Ubapa au mawimbi: gurudumu lipi la treni ni baya zaidi?

Gurudumu lenye ubapa hujitangaza lenyewe. Breki ikibana kupita kiasi, gurudumu huacha kuzunguka na kuburuzwa juu ya reli. Sehemu inayosuguana hulika ikawa bapa. Tangu hapo ni ko-ko-ko kila mzunguko. Gurudumu la kipenyo cha milimita 920, treni ikienda kilomita 100 kwa saa, huipiga reli karibu mara 10 kwa sekunde. Tena joto la msuguano huacha uso wa chuma ukiwa mgumu lakini rahisi kumeguka, na nyufa huanzia hapo.

Gurudumu lenye mawimbi halina kovu la kuonyesha. Mzingo wake hupanda na kushuka kidogo mno, pengine sehemu ya kumi ya milimita, na abiria husikia mvumo tu. Ila mtikisiko huo usiokoma hulegeza nati na kuchosha vyuma vinavyobeba ekseli, hasa kwenye treni za mwendokasi.

Mimi naliogopa hili la pili. Ubapa hata aliyesimama kando ya njia anausikia. Mawimbi yanataka vipimo. Dawa ya kasoro zote mbili ni moja, kukereza upya, yaani kunyoa chuma hadi gurudumu liwe duara tena, ingawa ubapa uliochimba sana hula chuma kingi hadi gurudumu likatupwa.