Kikoi cha Lamu kwenye upepo wa jangwani, nimekitumia mwezi wa tano mzima Doha

Assalam aleikum. Naona vijana wengi wa huku kwetu wanajiandaa kwenda Qatar na kila mtu anauliza habari za viza na mshahara, habari ya jua na upepo haiulizwi kabisa, basi mimi naandika kuhusu kikoi nilichonunua hapa Lamu kabla sijaondoka, maana kwa kweli katika vyote nilivyobeba kwenye begi hakuna kilichonifaa kama hicho.

Duka lenyewe halina bango. Ukitoka ngomeni ukashika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuelekea mtaa wa Langoni utaliona, kaduka kadogo, vikoi vimetundikwa mlangoni mpaka punda akipita na mzigo anavisugua. Mzee mwenye duka nikamwamkia shikamoo, akaniuliza "Wenda wapi mwanangu?" nikamwambia Doha, kazi ya ulinzi, nitakuwa getini. Akanitazama kidogo akasema "Yua la huko halina mti, tukua pamba," yaani jua la huko halina kivuli, chukua pamba. Mimi nilikuwa nimeshika kimoja cha rangi kali, kinang'aa, laini sana mkononi. Akakichukua, akavuta uzi mmoja kwenye matamvua akauwasha kwa kibiriti, uzi ukajikunja ukayeyuka ukawa kidonge cheusi kigumu. Akavuta uzi kwenye kingine, cheupe chenye mistari ya buluu, huo ukawaka kama karatasi ukabaki jivu laini la kupulizwa. Akaniambia hicho cha kwanza kimechanganywa nailoni, cha kukalia baraza kinafaa, cha jangwani hapana. Na vyote viwili anauza yeye, na kile cha nailoni ndicho kilikuwa ghali zaidi! Hapo nikajua niko na mtu mkweli.

Nililipa shilingi 1,000, alianza na 1,200. Kikoi kizima ni kikubwa mno kuzungushia kichwa na shingo, kwa hivyo fundi wa jirani alikikata katikati akapinda upande uliokatwa, 100 tu na sikungoja hata chai ipoe. Nikapata vitambaa viwili, kimoja kichwani kimoja kwenye maji, hiyo mtaelewa huko mbele.

Sasa Doha. Huku kwetu mwezi wa tano kusi limeshaingia, mvua ya masika inapiga, mtu anatafuta sweta asubuhi. Kule mwezi huo huo ndio joto linapanda kwa kasi, joto la mchana Doha kwa wastani linafika kama digrii 39 na kuna siku nimeona 42, 43. Na upepo. Wenyewe wanauita shamal, ndio hili neno letu shemali, unatoka kaskazini magharibi upande wa Iraq na unakuja na vumbi lake. Watu wanakumbuka mwezi wa tano 2022 vumbi lile lilivyofanya uwanja wa ndege wa Kuwait usimamishe safari.

Mimi nilidhani upepo ni nafuu, sisi watu wa pwani tumezoea hivyo, jua likizidi unakaa forodhani upepo wa bahari unakupoza. Ule wa kule unachoma. Ngozi ya mtu ina kama digrii 35, sasa hewa ikiwa na 42 upepo ukikupiga unakuletea joto badala ya kukuondolea, ni kama mtu amefungua mlango wa tanuri la mikate usoni kwako. Halafu hauji mfululizo. Asubuhi kumetulia kabisa, bendera zimelala, jua likishapiga mchanga hewa ya chini inapata moto inapanda juu na ule upepo wenye kasi uliokuwa juu unashushwa chini vipande vipande, kwa hivyo mchana mzima ni vishindo, dakika moja kimya, inayofuata kiti cha plastiki kinaruka na mchanga unakuchoma vifundo vya miguu kama sindano. Mkono wa geti la chuma sikuweza kuushika bila kitambaa.

Na jambo ambalo sikulijua kabla sijaenda, na ndilo linanifanya niandike haya yote: Qatar ina sheria ya kukataza kazi za nje juani, saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, lakini inaanza tarehe 1 Juni inaisha 15 Septemba. Mei haimo! Kuna kipengele kingine kwamba kile kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita digrii 32.1 kazi ya nje isimame saa yoyote ile, lakini niambie mlinzi wa getini kipimo hicho anakiona wapi. Kwa hivyo mwezi wa tano jua tayari ni kali na wewe bado umesimama nje saa saba mchana, mwili wenyewe ndio kwanza unatoka Lamu haujazoea. Kampuni niliyofanyia walitupa kofia ya plastiki na chupa moja ya maji, basi.

Hapo ndipo kikoi kilipofanya kazi. Nilikuwa na ndoo kwenye kibanda, nachovya kitambaa kimoja nakikamua nusu nusu, najifunga kichwani kikashuka mpaka shingoni, ule upepo ulionichoma ukipita kwenye pamba yenye maji unageuka baridi, wallahi baridi, mabega yanasisimka. Ni kama mtungi wa maji wa nyumbani, maji yakikauka yanaondoka na joto. Lakini baada ya kama dakika ishirini kimekauka kau, kigumu, kwenye mikunjo kuna mistari ya vumbi ya kahawia kama ramani, ndio unabadilisha unavaa cha pili na cha kwanza kinarudi kwenye ndoo. Hivyo mpaka jioni. Mwenzangu kutoka Nepal alikuwa na kitambaa cha nailoni, tukajaribu siku moja, maji yaliteremka yote mgongoni kwake kitambaa kikabaki kinapepea tu, jioni akaniomba kimoja nikampa.

Mazuri yameisha, sasa kasoro, maana siandiki tangazo la biashara.

Rangi inatoka. Mistari ya buluu ilihamia kwenye kola ya shati langu jeupe la kazi siku ya pili tu, msimamizi akanikata pesa ya shati na iliniuma sana kwa sababu ulikuwa ndio mshahara wa kwanza. Mzee hakuniambia kuhusu hilo na ilifaa aniambie. Kifue mara mbili tatu peke yake kabla hujakivaa.

Pili, hakizuii vumbi laini. Mchanga mkubwa kinazuia vizuri, macho na masikio yanapona, lakini siku ya vumbi lile la njano ambapo huoni mtaa wa pili usijidanganye na kikoi mdomoni, nilikohoa wiki nzima. Nunua barakoa ya N95, na mwenye pumu ndio kabisa asikae nje.

Tatu, hii mbinu ya kulowesha inafaa hewa ikiwa kavu, yaani shamal ikivuma. Mwezi wa nane upepo unapogeuka unatoka upande wa bahari na unyevu unajaa, kitambaa kinakaa na maji kichwani hakikauki, ni mzigo tu, pale unakivaa kikavu. Hapa Lamu pia ukijaribu hutaona lolote kwa sababu hiyo hiyo. Na maji unywe, tena bila kungoja kiu, jasho la kule linakauka kabla hujaliona unadhani hutoki jasho, jioni unakuta shati lina chumvi nyeupe mgongoni.

Kwa nyota nampa mzee nne kati ya tano, ile moja ameipoteza kwa rangi.

Juzi nimerudi likizo nikapita dukani nikamwonyesha kile kitambaa kilichobaki, kimefifia, matamvua yote yamekwisha, lakini hakijachanika popote. Akakishika akakigeuza geuza akasema mashallah. Nikamwambia habari ya shati, akanyamaza kidogo, halafu akasema hii buluu atakuwa anawaambia watu. Mdogo wangu anaondoka mwezi wa nne, nimemchukulia viwili vyeupe visivyo na mstari hata mmoja, fundi ameshavikata, na mama amevifua mara tatu vipo kambani.