Matembezi ya historia Hebden Bridge: swali langu moja lilivyojibiwa

Naandika haya nikiwa bado na hasira, wala sioni sababu ya kusubiri ipoe. Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita nililipia matembezi ya kuongozwa katika mji mdogo wa Hebden Bridge, huko West Yorkshire, Uingereza, ambayo tangazo lake liliahidi historia ya mji wa viwanda vya nguo. Kwa mtu aliyekulia Mwanza akiamshwa na king'ora cha kiwanda cha nguo, ahadi kama hiyo haipiti hivi hivi. Nilichopata kwa sehemu kubwa ni ziara ya migahawa.

Kiongozi wetu, ambaye sitamtaja yeye wala kampuni yake, alianza vizuri. Alitusimamisha juu ya daraja la mawe lililojengwa yapata mwaka 1510 mahali palipokuwa na daraja la mbao, akaeleza kwamba farasi wa mizigo walilipita wakiwa wamebeba vitambaa kutoka Heptonstall, kijiji kilichoko juu ya kilima, ambako watu walifuma kwa mikono majumbani mwao. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota zote tano. Kisha nikauliza swali langu. Alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mji uligeukia pamba, na kwamba suruali nzito za kodrai na za fustiani, yaani kitambaa kizito cha pamba, zilizoshonwa hapo ziliupatia jina la utani la Mji wa Suruali. Nami nikataka kujua pamba yenyewe ilitoka wapi, maana katika bonde lile la mvua na baridi hauoti hata mche mmoja wa pamba. Alitazama saa yake, akasema kwamba hiyo ni hadithi ya mahali pengine nasi tulikuja kuona Hebden Bridge, akanigeuzia mgongo huku watu wawili katika kundi letu wakicheka.

Hadithi ya mahali pengine! Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pamba iliyolisha viwanda vya kaskazini mwa Uingereza ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikashushwa katika bandari ya Liverpool. Vita vilipozuka mwaka 1861 na shehena zikakatika, wafanyakazi wa Lancashire, ng'ambo tu ya vilima vile tulivyokuwa tukivitazama, walikosa kazi na chakula. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda, wakiogopa kuendelea kuitegemea Marekani, walihimiza kilimo cha pamba katika makoloni, Uganda ikiwamo. Mtu anayeongoza wageni katika mji ulioishi kwa pamba, akikosa hata sentensi mbili za kusema juu ya hayo, sijui analipwa kwa kazi gani.

Tangu hapo sikuona jema tena, na huenda nilimwonea katika mengine. Alituonyesha zile nyumba za ghorofa nne zilizoegemezwa kwenye mteremko, akasema zinapendeza sana kwenye picha. Zinapendeza, nakubali, ila hakueleza kwa nini zikajengwa hivyo. Bonde ni jembamba, na ardhi tambarare ilikuwa imechukuliwa na viwanda, na mfereji wa Rochdale uliokamilika mwaka 1804, kisha na reli; ndipo wajenzi wakaweka nyumba moja juu ya nyingine, wa chini wakiingilia mlango wa mtaa wa chini, na wa juu wakiingilia upande wa pili, kwenye mtaa wa juu. Kuhusu ushirika walioanzisha wakataji wa fustiani mwaka 1870, uliomiliki kiwanda cha Nutclough hadi ulipouzwa mwaka 1918, hakusema neno. Wala hakugusia mgomo wa wafumaji ulioanza mwaka 1906 ukaingia hadi 1908, ingawa Emmeline Pankhurst mwenyewe, yule mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, alifika mjini mwaka 1907 akahutubia.

Nusu nzima ya matembezi ilikwenda kwa miaka ya 1970. Sipingi kwamba hiyo nayo ni historia: viwanda vilikuwa vikifungwa, nyumba zilikuwa za bei ya chini mno, wakaja wasanii, mahipi, na baadaye wanawake waliotaka kuishi wazi na wapenzi wao wa kike, na bila hao huenda mitaa mingi ingebomolewa. Lakini kusimulia kana kwamba mji ulizaliwa walipofika wao ni kuwafuta waliozijenga zile kuta, na bei za nyumba zilizopanda tangu hapo zimekwisha kuwafuta vya kutosha.

Hata hivyo lazima niseme la haki. Tulipofika kando ya mto, kiongozi huyu alitueleza mafuriko ya tarehe 26 Desemba 2015, jinsi maji yalivyojaa madukani siku moja tu baada ya Krismasi, na jinsi watu walivyobeba matope kwa ndoo na makoleo. Na hapo, kwa mara ya kwanza, alizungumza kama mtu anayeujua mji wake. Nilisikiliza kwa makini, nikajikuta nampa nyota tatu moyoni. Siku hiyohiyo nilipanda peke yangu hadi Gibson Mill, kiwanda cha pamba cha yapata mwaka 1800 kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji, ambacho kilipoacha kusokota nyuzi kiligeuzwa mahali pa dansi na burudani, na huko hasira ikanitoka kabisa.

Ikarudi nilipoiandikia kampuni na kupokea jibu lao. Hawakugusa swali la pamba. Waliniomba radhi kwa hali ya hewa, wakaniambatanishia punguzo la kahawa katika mgahawa mmoja wa mji huo. Basi zile nyota mbili nimeziondoa, imebaki moja, nayo ni ya mafuriko. Mji wenyewe nendeni: treni za kati ya Leeds na Manchester zinasimama pale, na daraja halina kiingilio.