Mama lishe wa Moshi kwa aliyepunguzwa tumbo: agiza machalari, mtori uache

Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na sasa sukari yake inashuka baada ya kula, vibanda vya mama lishe vya Moshi, kuanzia sokoni Mbuyuni hadi vile vya jirani na stendi, vinamfaa kuliko sehemu nyingi za chipsi na soda. Nyama ipo, maharage yapo, mboga za majani hazikosi, na anayepakua yuko mbele yako, kwa hiyo unaweza kumwambia apunguze hiki aongeze kile. Sufuria ya kuogopa ni moja, nayo ndiyo inayosifiwa kuliko zote: mtori, supu ya ndizi na nyama iliyopondwa.

Mtori unajulikana Kilimanjaro nzima kuwa chakula cha mzazi na cha mgonjwa. Wiki za kwanza baada ya upasuaji chakula laini ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini tatizo la sukari kushuka huanza baadaye, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, na hapo ulaini uleule ndio unaoumiza. Baada ya baipasi ya tumbo, yaani kibweta kidogo cha tumbo kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na hata baada ya tumbo kukatwa likabaki kama mrija, chakula hakikai tena tumboni kikisubiri zamu yake. Ndizi iliyopondwa inateremka kwenye utumbo mwembamba kwa mkupuo, sukari ya damu inapanda haraka, homoni za utumbo, hasa GLP-1, zinaihimiza kongosho imwage insulini kupita kiasi, na kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula sukari inaporomoka. Jasho linatoka, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, wengine wanachanganyikiwa kabisa. Ikiwa ni tumbo kusokota na kuharisha ndani ya nusu saa, hiyo ni dampingi ya mapema (chakula kumwagika utumboni haraka mno), jambo jingine, ingawa mlo wake unafanana na huu.

Hesabu ya kukumbuka mbele ya mpakuaji ni hii: wanga usizidi gramu 30 kwa mlo, na gramu 15 kwa kitafunwa. Ndizi mshare moja ya wastani iliyomenywa inabeba takriban gramu 20. Bakuli la mtori lenye ndizi tatu au nne tayari limefika mara mbili ya kiwango au kuipita, na mwiko umeshafanya kazi ambayo meno yako yangeifanya polepole.

Machalari ni ndizi zilezile na nyama ileile, ila vipande vimebaki vizima. Omba ndizi moja na nusu, nyama ya kujaa kiganja, mboga za majani, na mchuzi kidogo sana. Halafu kula kwa mpangilio: nyama kwanza, mboga, ndizi mwisho. Tafuna kila tonge mpaka lilainike na usimalize sahani chini ya dakika 20. Protini na mafuta vikitangulia, wanga unaingia taratibu na kile kilele cha sukari kinapungua. Anayeanza na ndizi kwa sababu ana njaa hujikuta ameshiba kabla hajaifikia nyama, maana tumbo lake ni dogo, na hapo faida yote ya machalari imepotea.

Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kinakuja nafasi ya pili. Maharage yana nyuzinyuzi na protini, lakini nayo yana wanga, karibu gramu 20 kwa nusu kikombe, kwa hiyo usiyahesabu kama nyama. Kuna wapishi wanaokiponda kiburu mpaka kinakaribia mtori. Angalia sufuria kabla ya kuagiza. Ugali wa dona usizidi nusu ngumi, wali vijiko vinne vya kulia. Chapati na supu asubuhi? Kula nyama ya supu na robo au nusu ya chapati, mchuzi unywe nusu saa baadaye.

Vinywaji ndiyo kasoro kubwa ya vibanda hivi. Chai ya maziwa mara nyingi imeshatiwa sukari kwenye chupa, na juisi ya parachichi huchanganywa na sukari hata pale parachichi lenyewe lingetosha. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, zaidi ya mlo mzima. Maji nayo yasiandamane na chakula: kunywa nusu saa kabla au nusu saa baada, kwa sababu maji yanakisukuma chakula kitoke upesi tumboni. Mbege iache kabisa. Ina sukari ya ndizi na kimea, pombe yake inaingia kwenye damu haraka zaidi kwa aliyefanyiwa baipasi, na inalizuia ini kutoa sukari saa ileile unapoihitaji.

Mtu anayekula Moshi saa saba mchana na kupanda Coaster ya Arusha saa nane, saa ya hatari itamkuta barabarani, pengine kati ya Boma Ng'ombe na Usa River. Beba yai la kuchemsha au karanga za kujaa kiganja, ule kila baada ya saa tatu au nne, usisubiri njaa. Anayeendesha gari mwenyewe apime sukari kabla ya kuwasha.

Beba pia glukosi ya unga ya duka la dawa. Ukisikia dalili, nawa mikono kwanza, kwa sababu utomvu wa tunda kwenye kidole hudanganya mashine ya kupimia. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, koroga gramu 15 za glukosi, kama vijiko vitatu vya chai vya kujaa, kwenye maji kidogo, unywe, usubiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda, kula yai au karanga. Kosa la kawaida ni kumaliza soda nzima kwa hofu: sukari inaruka juu, insulini inamwagwa upya, na baada ya saa moja au mbili unaporomoka tena. Anayetumia akaboze ajue kuwa sukari ya kawaida na soda vinachelewa kumsaidia, kwani dawa hiyo inazuia sukari hiyo kuvunjwa utumboni. Yeye atumie glukosi tu. Aliyezimia asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Na sukari ikishuka usiku au kabla ya kula, au ukianza kupoteza fahamu, sahani peke yake haitoshi. Mwone daktari ukiwa na daftari la vipimo na milo yako.

Nyama na ndizi vibanda hivi vinapika vizuri mno. Chupa moja ya chai isiyo na sukari, iwekwe kando kila asubuhi, ingevifanya vimfae mteja huyu kuanzia kifungua kinywa. Mpaka hapo, mwambie mama akuchemshie yako.