Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza, chuo cha Marekani: nyota 3 kwa 5

Vyuo vingi vya Marekani ukianza digrii, kozi hii hauikwepi, kwa hiyo naacha maoni kwa wanaokuja. Maelezo yake yanasema utajifunza kuandika, kujenga hoja, kutumia vyanzo, safi kabisa, ila ukiingia unakuta kozi iko chini ya idara ya Kiingereza na tichaa ni mwanafunzi wa PhD ya fasihi ambaye moyo wake wote uko kwenye ushairi, basi ni mashairi wiki baada ya wiki, uandishi wenyewe unaguswa juu juu siku ya kurudishiwa insha. Yangu ya kwanza ilirudi na neno moja tu pembeni, "fafanua". Nifafanue nini sasa, aya nzima??

Ila yeye simlaumu sana, amepewa darasa ili alipiwe ada yake na alichosomea ni kitu kingine. Huu mchanganyiko wa uandishi na fasihi ni wa zamani mno, Harvard walipoweka mtihani wa kuandika kwa wanaoingia chuo mwaka 1874 mada zilitolewa kwenye vitabu vya fasihi, kina Shakespeare huko, na mpaka leo vyuo vingi heshima iko kwa maprofesa wa fasihi, kusahihisha rundo la insha za mwaka wa kwanza wanaachiwa wanafunzi wa PhD na walimu wa mkataba. Mwaka 1985 Maxine Hairston, akiwa mwenyekiti wa chama cha walimu wa uandishi wa vyuoni, aliwaambia wenzake mkutanoni wajitoe kwenye kivuli cha watu wa fasihi. Mimi niko upande wake, japo sikatai, kukaa na shairi la mistari minane saa nzima kulinifundisha kusoma sentensi kwa makini.

Nyota zangu mbili kati ya hizo tatu ni za senta ya uandishi, yaani ofisi ya chuo unakopeleka insha yako usaidiwe, ambayo wala haikuwa sehemu ya kozi. Pale dada mmoja alinisomesha aya yangu kwa sauti, sentensi ya tatu pumzi ikakata kabla sijafika kwenye nukta, akaniuliza taratibu "hapa ulikuwa unataka kusema nini hasa?" Nikamjibu kwa maneno machache tu, akasema haya andika hivyo hivyo.

Kama chuo chako uandishi una idara yake, jisajili huko. Kama hauna, omba silabasi mapema uone insha mnaandika ngapi na rasimu zinasomwa mara ngapi, maana orodha ya vitabu itakuwa ndefu tu.