Uzoefu wangu: siku moja ya mji wa Lamu na magofu ya Takwa

Kama mnafikiria kuchukua ziara ya siku nzima ya mji wa Lamu pamoja na Takwa, ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Takwa iko kisiwa cha Manda, na mashua hupenya kwa mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakitoka, chombo kinakaa topeni. Siku yetu maji yalijaa alasiri, kwa hiyo tulianza na mji, na nahodha hakutaka mjadala.

Mji wenyewe ulinikera kidogo. Kijana aliyetutembeza alikuwa mchangamfu, ila tulipofika Mkunguni akatuambia ngome ile ni ya Wareno. Jamani! Mimi ni mtu wa Malindi, mnara wa Vasco da Gama uko kwetu, za Wareno tunazijua. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, kijiji jirani na mji, Waamu (watu wa Lamu) walipowapiga watu wa kisiwa cha Pate na Mazrui wa Mombasa kisha wakaomba ulinzi wa Oman. Ilikamilika 1821, baadaye ikageuzwa jela mpaka 1984. Anayelipwa kuutembeza mji ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 ayajue walau hayo.

Makumbusho ndiyo yaliyookoa asubuhi ile. Shangazi yangu alisimama mbele ya siwa ya Pate, baragumu kubwa ya pembe za ndovu na ndefu kupita kimo chake, akakataa kuondoka hadi aelezwe ilivyopulizwa.

Mwenzetu mmoja kutoka Nairobi alikuwa akiulizia stesheni, maana alisikia habari za reli ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na reli ya Lamu. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa 2021, reli bado iko kwenye ramani. Kwa sasa garimoshi la Lamu ni punda, na usipompisha kichochoroni anakusukumiza ukutani na mzigo wake wa mchanga.

Sasa Takwa. Pesa yangu ilirudi hapa. Mji huu ulishamiri kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha watu wakauhama, wengi wakavukia Shela. Husemwa visima viliingia chumvi, wengine husema ugomvi na Pate. Msikiti wa Ijumaa umesimama bado, na juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo ambayo sijaona mfano wake hata kwenye magofu ya Gede. Sogeeni karibu na kuta: pale chokaa ilipobanduka, mawe ya matumbawe yanaonyesha vijishimo vyake kana kwamba yametolewa baharini juzi. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo, na watu wa Shela mpaka leo huja hapo kuomba mvua. Mzee aliyetuzungusha alieleza taratibu, bila maneno ya kukariri. Shangazi alipouliza kama si vibaya kukanyagakanyaga hapo, akamjibu, "Ingia na salamu, mama, hawa ni wazee wetu." Tukatoa salamu.

Chakula kilipikwa chomboni, jiko la makaa juu ya sanduku la mchanga: wali wa nazi, changu wa kuchoma, ndimu na pilipili. Sina neno.

Kasoro ni mbili. Kivuli chomboni hakuna, na turubai lilikuwepo limekunjwa tu. Pia maboya ya kujiokolea yalikuwa machache kuliko abiria mpaka tulipogoma kupanda, ndipo yakaletwa mengine. Msione haya kuuliza kabla ya kulipa, hasa mkiwa na watoto.

Bei pataneni ya mashua nzima, si ya kichwa, na ulizeni kama kiingilio cha Takwa na makumbusho kimo ndani. Raia bebeni vitambulisho, tiketi zinashuka sana. Nikirudi nitakodi mashua ya Takwa tu, mji nitautembea mwenyewe.